Ukurasa wa Thelathini na Moja

Kibanda changu cha chai kiko kileleni mwa mteremko uitwao Watu Abang, pale ambapo malori ya viazi husimama kupoza breki kabla ya kushuka kwenda mji wa Wonosobo. Kila siku, saa saba na nusu mchana, watoto wa shule ya Tegalwuni walipita mbele yangu wakirudi nyumbani, na kila siku Wening alikuwa wa mwisho. Alikuwa akisimama kuniuliza kama kuna glasi za kuosha. Akimaliza nilimpa vipande viwili vya tempe, soya iliyochachushwa na kukaangwa, kimoja chake na kimoja cha bibi yake, Mbah Rubinem.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na hakuna mtoto pale kijijini aliyesoma upesi kumshinda. Mama yake, Bu Sulasih, alikuwa Hong Kong akifanya kazi za nyumbani kwa watu. Aliondoka Wening akiwa na miaka mitatu. Kwa miaka tisa mama huyo aliosha vyombo vya wengine, akalea watoto wa wengine, na binti yake akawa anamjua kwa sauti ya simu tu.

Siku moja likaja jambo la kufurahisha. Akiba ya Bu Sulasih ilikuwa imefikia kiasi cha kununua lori jipya la dizeli, la matairi kumi. Mumewe, Pak Tarmuji, alikuwa ameendesha malori ya matajiri maisha yake yote. Sasa angeendesha la kwake. Wawili hao wakakubaliana kwenye simu: lori likifanya kazi mwaka mzima bila matengenezo makubwa, mama hatasaini mkataba mwingine. Atarudi nyumbani sikukuu ya Idi na hataondoka tena.

Kwa hiyo msidhani Wening alikuwa akisubiri lori. Alikuwa akisubiri mama.

Pak Tarmuji alichukua miezi minne kuchagua. Alikaa kwenye benchi langu siku baada ya siku, na kila dereva aliyesimama kumwagia maji magurudumu alihojiwa naye. Hakuuliza lori gani linakimbia sana. Aliuliza, likifa njiani ni nani anakuja? Spea ziko Wonosobo au zinasubiri meli? Injini ikipasuka kabla ya miaka mitatu, kampuni inalipa au inakupa maneno? Madereva walimtania kwamba anachagua lori au anachagua mkwe. Yeye alitabasamu tu na kuagiza chai nyingine ya tangawizi.

Kampuni moja ilitaka kumpa lori kubwa zaidi kwa bei ya chini, na juu yake jiko la umeme la kupikia wali. Akakataa. Nyingine ilikuwa na matangazo mazuri barabarani na muuzaji mwenye viatu vya kung'aa. Jumapili moja alasiri, mvua ikinyesha, Pak Tarmuji akakaa pale kwangu na kupigia karakana za kampuni tatu, moja baada ya nyingine. Mbili hazikupokea. Ya tatu alipokea fundi, mdomo umejaa chakula, akauliza, "Umekwama wapi, Pak? Nakuja." Pak Tarmuji akamwomba radhi, akakata simu na kuniambia kwamba lori lake amelipata.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wachache walilijua. Pak Tarmuji hakujua kusoma. Alitoka shule darasa la pili, akajifunza alama za barabarani na kuandika saini yake, herufi tatu zilizoegemeana. Aibu hiyo aliificha vizuri sana. Mimi niliijua kwa sababu miaka mingi nilimsomea karatasi za mizigo huku tukijifanya tunazungumzia bei ya viazi.

Kampuni ilipompa kitabu cha waranti, chenye kurasa sitini na nne, ilimwambia akisome chote kabla ya kusaini, kwa sababu dhamana ya miaka mitatu ina masharti yake. Angeweza kumwomba muuzaji amsomee. Aliona aibu. Akaomba wiki moja, akakifunga kitabu kwenye mfuko wa plastiki na kukileta nyumbani kwa msomaji wake.

Kila alasiri Wening aliketi barazani na kumsomea. Baba alifumba macho na kurudia masharti kwa sauti ya chini: oili ibadilishwe lini, chujio la dizeli litolewe maji lini, sevisi ifanyike wapi. Alikuwa na kichwa kizuri. Alichosikia mara mbili hakikumtoka. Siku ya kwanza na ya pili Wening alijiona mtu mkubwa. Siku ya tatu akaanza kuchoka.

Siku ya nne ilikuwa Alhamisi, na kwenye kitongoji cha chini kulikuwa na ngoma ya wachezaji wanaopanda farasi wa kusukwa kwa mianzi. Ngoma zilisikika mpaka barazani. Wening akasoma ukurasa wa ishirini na tisa, akafunua, na vidole vyake vikahisi karatasi nene kuliko kawaida. Kurasa mbili zilikuwa zimeshikana kwa juu. Kiwanda hakikuzikata vizuri. Kisu kilikuwa jikoni, hatua kumi tu. Aliitazama karatasi ile, akasikiliza ngoma, akaanza kusoma ukurasa wa thelathini na mbili.

Alipomaliza sehemu ya siku hiyo, baba yake alimuuliza kama amesoma kurasa zote. Wening akajibu kwamba amesoma zote, akakimbilia ngoma. Kurasa zilizobaki alimalizia Ijumaa. Jumatatu baba akasaini.

Lori lilifika, la buluu, linang'aa. Mbah Rubinem akapika uji mwekundu na uji mweupe, akaweka bakuli mbele ya bampa, akanyunyiza maji ya maua kwenye matairi yote kumi na kuomba mwanawe asafiri salama. Majirani tulikaa mkekani, tukala, tukasifia. Bu Sulasih aliangalia yote kwenye simu kutoka Hong Kong, na alilia mpaka picha ikawa inatikisika.

Miezi mitano lori lilifanya kazi bila hata kukohoa. Kila sevisi Pak Tarmuji aliifanya kwa wakati, hata siku ambazo wenzake walimwambia atapoteza mzigo. Ubavuni hakuruhusu picha. Nyuma hakuandika maneno ya kuchekesha. Na honi ilikuwa ile ile ya kiwandani, ya kupiga "piip" moja na kunyamaza.

Hapo ndipo watoto walipompata Wening.

Nyinyi mnajua ukatili wa watoto, na mkijifanya hamjui mimi nitawakumbusha. Siku hizo honi za nyimbo zilikuwa zimewapanda watoto wote kichwani. Walisimama kando ya barabara na vipande vya maboksi vilivyoandikwa, wakiomba madereva wapige, na dereva aliyepiga alishangiliwa kuliko mfalme. Danang, mtoto wa tajiri mwenye malori mawili, alikuwa kiongozi wao. Malori ya baba yake yalipita yakiimba wimbo mzima, mbele na nyuma.

"Wening, lori lenu lina mafua?" Danang alimuuliza siku ya kwanza, mbele ya kibanda changu. "Au baba yako amebeba maiti, anaogopa kuiamsha?"

Wakacheka. Kesho yake wakamwita Wening Bubu. Wiki hiyo hiyo shule nzima ikamwita Bubu. Akiingia darasani walijishika koo na kutoa sauti za mtu asiyeweza kusema. Akinyoosha mkono kujibu swali, mtu alisema, "Mwalimu, Bubu anataka kuongea." Rafiki yake wa dawati moja akahamia dawati jingine. Mwalimu alidhani ni utani. Mimi nilisikia yote, na nilichofanya ni kumwongezea kipande kimoja cha tempe. Nasema hivyo kwa aibu.

Siku moja msichana mmoja akamwambia kwamba hata mama yake alikimbilia Hong Kong kwa sababu nyumba yao ni ya mabubu. Jioni hiyo Wening alikwenda kwa baba yake mdogo, Gito, fundi wa pikipiki, akamwomba afunge honi ya nyimbo kwenye lori.

Gito alikuwa mtu wa mikono myepesi na kichwa chepesi. Alijua kwamba malori makubwa hufunga breki kwa upepo, na kwamba kwenye tangi la upepo ndiko kila fundi wa vichochoroni huunganisha mpira wa honi. Huku kwetu wamefanya hivyo wengi, tena wanajisifu. Lakini alimwogopa kaka yake, basi akauliza kama kitabu kinakataza.

"Hakuna neno kuhusu honi," Wening alisema. "Nimekisoma chote."

Pak Tarmuji alipoombwa, alikataa mara tatu. Mara ya nne alimwona binti yake amekaa nyuma ya nyumba na maganda ya viazi kichwani, aliyomwagiwa na wenzake. Akakaa kando yake. Akamuuliza swali moja tu, lile lile la Gito, na akapata jibu lile lile. Akasema, kama kitabu hakikatazi, basi. Gito akalikata bomba la upepo. Akaunganisha mpira wa honi.

Lori lilipoimba mara ya kwanza, Wening alibebwa mabegani. Danang mwenyewe alimpigia makofi. Yule rafiki wa dawati moja akarudi kukaa naye. Kwa wiki sita Wening alikuwa malkia wa barabara, na hakuna aliyekumbuka tena jina la Bubu.

Siku ya mkosi ilikuwa Jumanne ya mawingu. Pak Tarmuji alisimama kwangu, akamwagia maji magurudumu, akanywa chai yake, akaondoka na tani kumi za viazi. Watoto walikuwa wakimsubiri hapo hapo. Mbele yao wote alisimama Wening, ameinua boksi aliloandika kwa herufi kubwa: PIGA HONI, BABA. Baba hakujua kusoma, lakini maneno hayo aliyajua. Akacheka dirishani akapiga wimbo mzima.

Watoto wakakata njia ya miguu, wakamtangulia kona ya pili na kuinua maboksi tena. Kwa mtoto mwingine angepita kimya. Kwa binti yake akapiga tena, akarudia, huku mguu uko kwenye breki na lori linateremka. Upepo ule ule unaosukuma breki ndio ulioimba. Na mahali Gito alipounganisha mpira wake palikuwa pameanza kuvuja siku nyingi, bila mtu kujua.

Kona ya tatu breki ikawa tupu. Alisimulia baadaye kwamba aliikanyaga na ikaenda chini bila kugusa kitu. Chini ya mteremko kulikuwa na soko, na Jumanne ni siku ya soko. Pak Tarmuji hakungoja. Alikata usukani na kuligonga lori kwenye ukingo wa mlima.

Nilifika nikihema. Kichwa cha lori kilikuwa kimekunjika, na mguu wa kulia wa Pak Tarmuji ulikuwa ndani ya vyuma. Viazi vilikuwa vimejaa barabara nzima. Na nitawaambia kilichofuata, ingawa mngependa niseme kingine. Watu walikuja na ndoo, na mifuko, na kanga zao, wakaanza kuokota. Mwanamume alikuwa akiugulia mle ndani na watu wakachagua viazi vikubwa. Danang, aliyekuwa akirekodi tangu kona ya pili, alisimama juu ya jiwe akiendelea kuchukua video. Mimi nilijaza ndoo moja kabla sijajishtukia. Nilivila pia, kwa sababu kuvirudisha ilikuwa ni kukiri.

Wening aliwapita wote, boksi bado liko mkononi. Baba yake akamwona na kumuuliza kama kuna mtu yeyote aliyegongwa na lori. Wening akasema hakuna. "Vizuri," akasema Pak Tarmuji, na hapo akazimia.

Madaktari waliukata mguu chini ya goti. Simu ya Hong Kong ilipigwa na Mbah Rubinem, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza.

Sasa matumaini yote yakabaki kwenye waranti. Lori lilikuwa na miezi sita na nusu tu. Kampuni ikikubali kwamba breki ziliharibika zenyewe, italitengeneza lote, na mwaka wa mama utaendelea kuhesabiwa. Gito alilifikiria hilo kabla ya wote. Alikwenda kwenye yadi ya polisi, lori lilikokuwa limevutwa, akampa mlinzi sigara, akaifungua honi, akaziba bomba na kurudi nayo imefungwa kwenye gunia. Akawaita Wening na bibi yake jikoni.

"Honi haikuwepo," alisema. "Mtu akiuliza, haikuwepo kamwe. Mnataka Sulasih arudi au hamtaki?"

Mbah Rubinem alitazama moto. Wening aliitikia kwa kichwa. Kusema kweli, alipumua. Honi ikiwa haikuwepo, basi hata ukurasa ule haukuwepo.

Mkaguzi wa kampuni alikuja wiki ya tatu. Aliitwa Bu Endah, mama mfupi mwenye miwani na kucha zenye weusi wa oili, na kwanza alikuwa ameshinda asubuhi nzima yadini chini ya lori. Pak Tarmuji alikuwa amelala kwenye godoro sebuleni. Mimi nilikuwepo, nimeleta wali na mboga, nikabaki mlangoni. Bu Endah akamwamkia mgonjwa kwa heshima, akampa pole, akaketi sakafuni na kuuliza kama kuna kifaa chochote kiliwahi kuunganishwa kwenye bomba la upepo.

Gito akadakia kwamba hakuna, lori lilikuwa kama lilivyotoka kiwandani.

Bu Endah akasema taratibu kwamba bomba lina alama mpya za spana. Gito akasema labda ni polisi. Niliona vidole vya Wening vikikamata mkeka.

"Gito, kaa chini," Pak Tarmuji alisema kutoka godoroni. "Honi ilikuwepo, Bu. Mdogo wangu aliifunga, na mimi nilimruhusu. Sitakudanganya mtu uliyetambaa chini ya gari langu. Lakini kitabu chenu hakikukataza."

Bu Endah akasema kinakataza, na kwamba Pak Tarmuji alisaini.

Uso wa Pak Tarmuji ukawa mwekundu. Kisha akasema, mbele ya mgeni, mbele yangu, mbele ya majirani wawili waliochungulia dirishani, jambo alilolificha miaka thelathini na tano.

"Mimi sijui kusoma, Bu. Saini ni yangu, lakini macho ni ya binti yangu. Alinisomea ukurasa kwa ukurasa, na yeye hakosei. Anaongoza darasa zima. Kama kungekuwa na neno la honi angeliniambia." Akageuza kichwa. "Wening, lete kitabu. Msomee mwenyewe asikie."

Sijawahi kuona mtoto akitembea polepole namna ile. Alikitoa kitabu kwenye mfuko wa plastiki. Bu Endah akamwambia afungue ukurasa wa thelathini na moja. Wening akafunua ishirini na tisa. Akafunua tena, ikaja thelathini na mbili. Karatasi zilikuwa bado zimeshikana kwa juu, safi, hazijaguswa na mkono wa mtu. Bu Endah aliziona. Nami niliziona. Ambaye hakuziona ni baba yake tu, aliyekuwa akimtazama binti yake kwa fahari na kungoja.

Wening akaingiza ukucha na kuzichana. Sauti ya karatasi ilisikika chumba kizima.

Akasoma, "Ni marufuku kukata, kutoboa au kuunganisha kifaa chochote, ikiwemo honi, kwenye mfumo wa upepo wa breki. Kufanya hivyo kunahatarisha maisha, na kunaondoa dhamana ya breki na ya uharibifu wote utakaotokana nazo." Mara mbili alipoteza mstari na kuutafuta upya kwa kidole. Bu Endah hakumsaidia.

"Rudia," baba yake alisema. Alikuwa na desturi ya kusikia mara mbili.

Akarudia. Kisha akasema, "Baba, ukurasa huu sikuusoma. Ulishikana, na mimi nilitaka kwenda ngomani. Nikakwambia nimesoma kurasa zote. Na ya honi nikakwambia tena."

Pak Tarmuji hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. Alishusha mkono mpaka pale goti linapoishia, akaushikilia hapo. Wening alilia akimwita, na hakuitikiwa. Mwishowe Pak Tarmuji alimgeukia Bu Endah na kuuliza kimebaki nini.

Bu Endah akavua miwani. Alisema breki, kichwa cha lori na bodi kampuni haitagusa. Hayo yatabaki juu yao. Lakini injini na giaboksi havikuguswa na honi, na kila sevisi ilifanyika kwa wakati, kwa hiyo vilivyoharibika humo vitatengenezwa bure na dhamana yake itaendelea. Kisha akamtazama Gito. Akasema alikwisha kujua habari ya honi kabla ya kubisha hodi, kwa sababu video ya Danang imesambaa mji mzima na wimbo unasikika vizuri. Kama nyumba nzima ingesema uongo, angeandika udanganyifu, na hata injini wasingepewa. Aliyewaokoa ni yule aliyelala godoroni.

Matengenezo yalichukua miezi saba. Gito aliuza pikipiki na vifaa vyake vyote, akashinda karakana ya kampuni akisaidia bure ili gharama zipungue, na leo ndiye anayeliendesha lori hilo, polepole, na honi yake ya kupiga "piip". Bu Sulasih alisaini mkataba mwingine wa miaka miwili. Wening ndiye aliyempigia na kumweleza sababu, kwani baba yake alikataa mtu mwingine aseme. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ana vyombo vya kuosha.

Shuleni wamemrudishia jina la Bubu. Danang ameongeza na la baba, Nusu. Hakuna mwalimu aliyemwadhibu, na mimi sitawadanganya kwamba aliomba msamaha.

Lakini habari ya kwamba Pak Tarmuji hajui kusoma ilifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Dereva mmoja mzee akaja barazani kwake na mfuko wa plastiki chini ya koti. Akazungumza kwanza juu ya mvua, kisha akatoa kitabu cha lori lake. Wiki iliyofuata wakaja wawili. Kumbe tulikuwa nao wengi mlimani, wamesaini vitabu wasivyovijua na kuteremka navyo kila siku. Pak Tarmuji huwashauri lori gani ununue na lipi usiguse, mahali gani mafundi huja ukiwaita, na Wening huwasomea.

Siku ya kwanza ya kazi hiyo nilikuwa nimepeleka chai. Kabla Wening hajafungua kitabu, baba yake akaweka magongo yake kando.

"Nilichagua lori miezi minne," alimwambia. "Nilimuuliza kila dereva, nilipigia kila karakana. Msomaji sikumchagua hata dakika moja, kwa sababu ni mwanangu. Hilo ni kosa langu, na nimelilipa. Lako ni kwamba uliona karatasi mbili zimeshikana ukasema ni moja. Neno dogo hilo, lakini mtu alilikalia akateremka mlima. Mtu akikuamini, amekupa mguu wake uushike. Usiuache ukaenda ngomani."

Wening akasema amesikia. Akasoma ukurasa wa kwanza wa kitabu cha yule mzee, wote, hata namba za simu chini.

"Umeruka?" baba yake akauliza.

"Sijaruka, Baba."

Akafunua wa pili, akausoma.

"Umeruka?"

"Sijaruka, Baba."

Kitabu kilikuwa na kurasa themanini. Aliulizwa mara themanini, na mpaka leo, kila kitabu, kila ukurasa, anaulizwa.